Asili ya Jina "Oksitosini" na Somo Lake kwa Mkunga na Mzazi

Utangulizi

Katika wodi za wazazi za mji wa Moshi, katika hospitali za Machame, Kibosho na Kilema, na katika zahanati zilizotawanyika kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuna kichupa kimoja cha kioo ambacho hakipaswi kukosekana. Ndani yake mna mililita moja ya maji maangavu, na kwenye lebo yake pameandikwa "oxytocin". Wahudumu wa afya huiita oksitosini. Wajawazito wengi huijua kwa jina jingine: sindano ya uchungu, au dripu ya uchungu inapotiwa katika chupa ya maji.

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiyo sababu inayoongoza kwa vifo vya wazazi duniani, na nchini Tanzania ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa. Dawa ya kwanza inayotegemewa kuzuia damu hiyo ni hii iliyomo katika kichupa hicho. Lakini majina yake yote mawili, lile la kigeni na lile la Kiswahili, hayataji damu hata kwa mbali. Yote mawili husema habari za uchungu na za kuharakisha uzazi. Makala haya yanaeleza jina hilo lilitoka wapi, linaficha nini, na namna gani mhudumu na mzazi wanaweza kulielewa bila kupotoshwa nalo.

Wenyeji wa Kilimanjaro humpikia mzazi mtori ili apate nguvu, na msemo wa mitaani husema: kunywa mtori, nyama utazikuta chini. Jina la dawa nalo husomwa hivyo hivyo. Maana ya maneno ni mchuzi wa juu. Kazi halisi ya dawa imo chini yake.

Homoni, na tofauti ya "sintetiki" na "bandia"

Neno homoni lilitumiwa kwa mara ya kwanza kwa maana yake ya leo na mwanafiziolojia Mwingereza Ernest Starling mwaka 1905. Lilitokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kusukuma au kuchochea. Waandishi wa Kiswahili wanaoiita homoni "kichocheo" wanakaribia mno maana hiyo ya asili. Homoni ni ujumbe unaotolewa na tezi, ukasafiri katika damu na kuchochea kiungo kilicho mbali.

Neno sintetiki nalo ni la Kigiriki, na maana yake ni kuweka pamoja. Homoni ya sintetiki ni ile ambayo wanakemia wameunganisha viungo vyake kimoja baada ya kingine katika maabara. Hapa pana hatari ya tafsiri. Baadhi ya watu huiita "homoni bandia". Kwa mwananchi wa kawaida, dawa bandia ni dawa ya udanganyifu, isiyo na kiini cha dawa au yenye kiini kisichofaa. Mzazi akiambiwa kwamba atachomwa homoni bandia, hana kosa akikataa.

Ukweli ni kwamba molekuli ya oksitosini iliyomo kichupani haina tofauti na ile inayotengenezwa na ubongo wa mzazi mwenyewe. Kila moja ni mnyororo wa asidi amino 9, zilizopangwa kwa utaratibu ule ule. Mfuko wa uzazi hauwezi kutambua ipi imetoka kichwani na ipi imetoka kiwandani. Kwa hiyo ni afadhali kusema "homoni iliyotengenezwa maabara", na neno bandia libaki kwa dawa za walaghai.

Maneno mawili ya Kigiriki

Oksitosini imeundwa kwa maneno mawili. La kwanza, "oxys", lina maana ya kitu kikali: kisu chenye makali, ladha kali kama ya siki, na pia mwendo wa kasi. Kiswahili kina neno linalobeba karibu mzigo huo wote, nalo ni "-kali": kisu kikali, siki kali, jua kali, mwendo mkali. La pili, "tokos", lina maana ya kuzaa au kuzaliwa. Wagiriki walilitumia pia kwa riba, kwa kuwa fedha iliyokopeshwa huzaa fedha nyingine; Waswahili nao husema mali imezaa. Yakiunganishwa, maneno hayo mawili hutoa maana ya uzazi wa haraka.

Mzizi huo huo wa "oxys" umo katika neno oksijeni. Mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier aliipa gesi hiyo jina lenye maana ya "izaayo ukali wa asidi", kwa kuwa aliamini kwamba kila asidi ina oksijeni ndani yake. Baadaye ilithibitika kuwa zipo asidi zisizo na oksijeni, lakini jina halikubadilishwa. Mwanafunzi wa uuguzi akiona "oksi" mwanzoni mwa jina la dawa asidhani kwamba dawa hizo ni ndugu. Oksitosini haina uhusiano wowote na mtungi wa oksijeni, wala na oksitetrasaiklini, ambayo ni dawa ya kuua bakteria.

Tezi iliyodhaniwa kutoa kamasi

Wataalamu walitumia neno lenye maana ya "kiharakisha uzazi" kabla homoni hii haijajulikana. Lilikuwa sifa ya dawa yoyote iliyoaminiwa kuukaza mfuko wa uzazi, na hasa ile iliyotokana na kuvu inayoota kwenye nafaka. Kuvu hiyo Wafaransa waliiita kwa jina la kipi cha jogoo, kwa sababu ya umbo lake. Kutoka kwenye kipi hicho ndipo lilipopatikana jina la ergometrini, dawa iliyotambuliwa mwaka 1935 na ambayo bado imo katika baadhi ya wodi. Ergometrini hupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo haifai kwa mzazi mwenye shinikizo la juu au kifafa cha mimba.

Mwaka 1906, Henry Dale, akifanya utafiti London, alieleza kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka sehemu ya nyuma ya tezi pituitari ya ng'ombe yalikaza mfuko wa uzazi wa paka. Mwaka 1909 daktari William Blair-Bell wa Liverpool aliandika juu ya kuyatumia kwa wanawake. Maji hayo yalikuwa na nguvu mbili zilizochanganyika: moja ilikaza mfuko wa uzazi, nyingine ilibana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo. Mwaka 1928 Oliver Kamm na wenzake wa kampuni ya Parke-Davis ya Marekani walifanikiwa kuzitenganisha. Ya kwanza ikawa oksitosini, ya pili vasopresini, yaani kibana mishipa.

Kampuni hiyo iliuza oksitosini yake kwa jina la Pitocin. Sehemu ya kwanza ya jina hilo imetoka kwenye tezi pituitari, na jina la tezi lenyewe limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kamasi, kwa sababu wataalamu wa kale walidhani kwamba ubongo hutoa kamasi kupitia tezi hiyo hadi puani. Dhana hiyo ilikufa zamani, lakini jina la dawa bado limebeba kumbukumbu yake.

Hadi wakati huo homoni ilipatikana kwa kukamua tezi za wanyama waliochinjwa. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud na wenzake katika chuo cha udaktari cha Cornell, New York, waliubaini mpangilio wa asidi amino zake 9, kisha wakaiunda upya wenyewe. Hii ndiyo iliyokuwa homoni ya kwanza ya aina ya peptidi kutengenezwa na binadamu, na mwaka 1955 du Vigneaud alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kampuni ya Sandoz ya Uswisi iliiita oksitosini yake ya maabara Syntocinon. Silabi ya kwanza inatangaza kwamba ni ya sintetiki. Haikutoka tena machinjioni.

Enzi ya machinjioni imeacha alama moja ambayo muuguzi huisoma kila siku. Oksitosini hupimwa kwa yuniti, si kwa miligramu, kwa sababu hapo zamani haikuwezekana kupima uzito wa homoni safi. Kilichopimwa ni nguvu ya maji hayo juu ya kiungo cha mnyama. Yuniti 10 za leo ni takriban maikrogramu 17 tu.

Mkia wa jina

Dawa moja inaweza kuwa na majina mengi ya kibiashara, lakini ina jina moja la kimataifa linalosimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Utaratibu huo uliidhinishwa mwaka 1950. Katika majina hayo, mkia hutaja ukoo. Dawa inayoishia kwa "tosini" ni ya ukoo wa oksitosini. Muuguzi anayesoma jina la kimataifa kwenye kichupa hahangaishwi na mabadiliko ya jina la kiwanda, hata kama shehena ya mwezi huu haifanani na ya mwezi uliopita.

Mfano wa ndugu wa ukoo huo ni karbetosini. Sehemu ya kwanza ya jina lake inatokana na kaboni, kwa kuwa mahali ambapo oksitosini ina salfa, karbetosini imewekewa kaboni. Badiliko hilo huifanya idumu zaidi mwilini. Ipo pia karbetosini iliyotengenezwa ili ivumilie joto. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, ukiwashirikisha wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, zikiwemo Kenya na Uganda, uliilinganisha na oksitosini katika kuzuia damu baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Mwaka 2019 iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Lakini mkia wa jina usimdanganye mtu. Karbetosini ni ya baada ya mtoto kuzaliwa. Haitumiki kuanzisha wala kuongeza uchungu, kwa sababu nguvu yake hudumu muda mrefu na haiwezi kusimamishwa kama inavyofungwa dripu.

Vasopresini nayo si ya kusahauliwa. Inatofautiana na oksitosini kwa asidi amino 2 tu kati ya 9, na kazi yake kubwa ni kuuzuia mwili usipoteze maji. Kwa undugu huo, oksitosini nyingi ikitolewa pamoja na maji mengi ya glukosi yasiyo na chumvi inaweza kuuzuilia mwili maji hayo. Chumvi ya damu hushuka, mzazi akaumwa kichwa, akachanganyikiwa, hata akapata degedege. Katika jina "uzazi wa haraka" hakuna neno linaloonya juu ya hatari hii.

Jina la Kiswahili: sindano ya uchungu

Kiswahili hakikutafsiri Kigiriki. Kiliipa dawa jina kutokana na kile ambacho mwanamke mwenyewe hukisikia. Uchungu ni ladha ya shubiri, ni maumivu, ni majonzi, na ni leba. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakiunganisha maumivu ya kuzaa na mapenzi ya kulea katika neno moja.

Jina hilo ni zuri, lakini linaeleza nusu ya kazi. Mzazi ambaye mtoto wake amekwisha kulia, kisha akaambiwa anachomwa sindano ya uchungu, ana haki ya kuuliza: uchungu wa nini tena, na mtoto ameshazaliwa? Asipopata jibu anaweza kukataa, na akikataa anapoteza kinga yake dhidi ya damu.

Jibu ni hili. Baada ya mtoto kutoka, kondo la nyuma hubanduka na kuacha mishipa mingi iliyo wazi. Mishipa hiyo hupita katikati ya nyuzi za misuli ya mfuko wa uzazi. Misuli ikijikaza, mishipa hubanwa na damu hukoma. Misuli ikilegea, damu hutoka kwa kasi, na mzazi aliyekuwa mzima anaweza kufa kabla gari halijafika Moshi mjini. Oksitosini huiamuru misuli ijikaze. Nguvu ile ile inayomsukuma mtoto nje ndiyo inayofunga damu.

Kwa hiyo mkunga anaweza kusema: "Mama, hongera, mtoto amezaliwa. Sasa nitakuchoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi ili usitokwe na damu nyingi. Utasikia tumbo likijikaza. Si uchungu wa kuanza upya." Maneno hayo machache yanatosha. Mzazi aelezwe pia kwamba mtoto anaponyonya, ubongo hutoa oksitosini ya mwili wenyewe. Ndiyo inayoyasukuma maziwa yatoke, na ndiyo inayosababisha msokoto wa tumbo wakati wa kunyonyesha katika siku za mwanzo.

Kalata-kalata: onyo kutoka Kongo

Tamaa ya uzazi wa haraka haikuanzia hospitalini. Katika jamii nyingi za Afrika wapo wajawazito wanaokunywa mitishamba ili uchungu uongezeke. Mmea mmoja wa aina hiyo uliingia katika vitabu vya kemia. Katika miaka ya 1960 daktari Lorents Gran kutoka Norwe, akihudumu Kongo pamoja na Msalaba Mwekundu, aliona wanawake wakinywa maji ya mmea uliochemshwa ulioitwa kalata-kalata ili kuharakisha uzazi. Kiini alichokitenga kiliitwa kalata B1, na jina la wenyeji likabaki katika sayansi. Baadaye ilidhihirika kuwa ni mnyororo wa asidi amino 29 uliofungwa kama pete. Ndiyo maana haukuharibika kwa kuchemshwa, ilhali oksitosini huharibiwa na joto.

Somo lake ni kwamba mitishamba inaweza kuwa na nguvu ya kweli, na nguvu hiyo haina kipimo. Mjamzito aliyekunywa dawa ya kienyeji ya uchungu kisha akawekewa dripu ya oksitosini anakuwa na vichocheo viwili juu ya mfuko mmoja. Mfuko unaweza kupasuka, na mtoto akakosa hewa. Mhudumu aulize kwa upole, bila kumkaripia mama wala mama mkwe aliyemsindikiza, kama kuna dawa yoyote iliyonywewa nyumbani. Anayeogopa kukemewa hataisema.

Mambo ambayo jina halisemi

Kwanza, wakati. Kabla ya mtoto kuzaliwa, oksitosini hutolewa kwa dripu pekee, kwa kiwango kidogo kinachoongezwa hatua kwa hatua, mahali ambapo mapigo ya moyo wa mtoto na mikazo ya uchungu vinafuatiliwa na upasuaji unawezekana. Isichomwe kamwe kwenye msuli wakati mtoto yumo tumboni. Tahadhari ni kubwa zaidi kwa mwenye kovu la upasuaji, aliyezaa mara nyingi, au ambaye njia yake haitoshi kwa mtoto. Kwao hao neno "haraka" lililomo katika jina linaweza kuwa hukumu ya kifo.

Pili, baada ya kuzaliwa mtoto, na baada ya kuhakikisha kwamba hakuna pacha aliyebaki, kila mzazi apewe yuniti 10 kwenye msuli au polepole kwenye mshipa. Hapo ndipo haraka inapohitajika kweli. Lengo ni dakika ya kwanza.

Tatu, ubaridi. Oksitosini ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, bila kugandishwa. Mjini Moshi, katika joto la Januari na Februari, ni rahisi kulikumbuka hilo. Huko juu, Marangu au Machame, mtu anaweza kujidanganya kwamba ubaridi wa mlima unatosha. Hautoshi. Ubaridi wa kumfanya mtu avae sweta si ubaridi wa friji. Dawa iliyopoteza nguvu hubaki maji maangavu yale yale, na kasoro yake hujulikana pale tu damu inapokataa kukoma.

Hitimisho

Jina oksitosini lilitokana na jambo lililoonekana mwanzo: kwamba dawa hii inaweza kuharakisha uzazi. Hata hivyo, mzazi anayejifungua kwa njia ya kawaida bila msaada wa dripu anaihitaji pia, baada ya uzazi kukamilika, ili arudi nyumbani akiwa hai. Mhudumu anayejua asili ya jina hatalifuata kama amri, na mzazi aliyeelezwa kazi ya sindano hataiogopa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini si vizuri kuiita oksitosini ya maabara "homoni bandia"?
2. Karbetosini na oksitosini zina mkia mmoja wa jina. Ni ipi isiyotumika kabla ya mtoto kuzaliwa, na kwa sababu gani?
3. Mzazi anakataa sindano baada ya kujifungua akisema uchungu umekwisha. Mweleze kazi ya sindano hiyo kwa sentensi mbili za Kiswahili chepesi.
4. Zahanati ya mlimani imekosa umeme kwa siku tatu. Utafanya nini na vichupa vya oksitosini vilivyomo, na utamjulisha nani kabla ya mzazi mwingine kufika?